Kiwele cha Nyarsotik

Kazi ya kwanza ya Roselyn kila asubuhi ilikuwa kupasha moto maji ya kuoshea kiwele cha Nyarsotik. Mama yake alikuwa amemnunua ng'ombe huyo kule Sotik, ndiyo maana majirani wa kijiji chao cha Rodi Kopany wakampa jina hilo la Kijaluo, yaani binti wa Sotik. Alikuwa mweusi mwenye mabaka meupe, mpole, na Mama alipenda kusema kwamba alitoa maziwa mengi kuliko ng'ombe wote wa kienyeji wa kijiji kizima. Tangu Baba alipofariki, maziwa hayo ndiyo yaliyowalisha na kuwasomesha.

Asubuhi moja ya likizo ya Agosti, mwaka wa 1996, Roselyn alichuchumaa kando ya Nyarsotik, akaziosha chuchu na kuzifuta, kisha akajaribu kukamua. Chuchu moja ya nyuma haikutoa maziwa. Ilitoa majimaji ya manjano yenye mabonge, kama mtindi ulioharibika. Upande huo wa kiwele ulikuwa umevimba, mgumu na wa moto. Alipougusa, Nyarsotik aliinua mguu kwa maumivu.

"Mama," Roselyn aliita, "umerudi tena."

Hakukuwa na haja ya kueleza ni nini kilichorudi. Ugonjwa wa kiwele ulikuwa umemsumbua Nyarsotik tangu mvua za masika. Kila ulipomshika, Maxwell, kaka yake Roselyn aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, alinunua tyubu za dawa dukani na kumwingizia kwenye chuchu. Maziwa yakawa meupe tena, na watu wakamsifu. Wengine walianza kumwita daktari na kumpelekea ng'ombe wao. Roselyn alijivunia kaka huyo kuliko mtu yeyote.

Safari hii pia Maxwell alileta tyubu, akaiingiza. "Kesho atakuwa mzima," alisema.

Lakini kesho yake uvimbe ulikuwa umezidi. Mama alisimama mlangoni mwa zizi kwa muda mrefu, mikono kiunoni.

"Nimechoka," alisema. "Siku ya soko Zablon atakuja na kamba yake."

Zablon alikuwa mchinjaji wa pale sokoni. Roselyn alimsogelea mama yake.

"Mama, tumwite kwanza Daktari Mong'ina."

"Atafanya nini ambacho kaka yako hajafanya?"

"Sijui, Mama. Lakini tumuulize."

Mama alikubali shingo upande. "Zablon nimeshampa neno langu. Daktari asipopata kitu kabla ya siku ya soko, usije ukanililia."

Daktari Mong'ina alikuwa mwanamke mrefu mwenye asili ya Kisii, aliyetibu mifugo wilaya nzima akizunguka kwa pikipiki. Alifika alasiri hiyohiyo, buti zikiwa na vumbi. Hakukimbilia sindano. Alitoa kibao cheupe chenye visahani vinne, akakamua maziwa kidogo ya kila chuchu katika kisahani chake, kisha akatia dawa iliyofanana na maji ya sabuni.

"Shika, uzungushe polepole," alimwambia Roselyn.

Roselyn alikizungusha kibao. Visahani viwili vilibaki vyepesi kama maji. Cha tatu kilianza kuwa kizito. Cha nne kiliganda kama uji wa mtama, hata alipokiinamisha uji ule haukutaka kumwagika. Roselyn alisahau huzuni yake.

"Mbona hiki kimeganda, Daktari?"

"Kwa sababu humo ndani mna vita. Bakteria wameingia kwenye kiwele, na mwili wa ng'ombe unapeleka askari wake kupigana nao. Askari wakiwa wengi, maziwa huganda hivi." Kisha alimgeukia Maxwell. "Kijana, umetumia dawa gani, na je, mliimaliza kila mara?"

"Ile ya dukani. Tuliimaliza, Daktari," Maxwell alijibu bila kusita.

Roselyn aliinama akatazama miguu yake. Alijua kwamba si kweli. Kila maziwa yalipoanza kuwa meupe, Maxwell aliacha matibabu, na tyubu zilizosalia alizihifadhi kwenye mkebe juu ya kabati ili atibie ng'ombe wa majirani. Akisema, atamwaibisha kaka yake mbele ya mgeni. Akinyamaza, Nyarsotik ataondoka na Zablon.

"Daktari," alisema hatimaye, "hatukumaliza. Maziwa yakishakuwa meupe tunaacha. Zilizobaki ziko kwenye mkebe, ndani."

Maxwell alimkata jicho, kisha akatoka nje ya zizi. Roselyn alitaka kumfuata, lakini alibaki kando ya Nyarsotik.

"Umenisaidia kuliko kibao changu," Daktari alisema kwa upole. Alizipangusa chuchu mbili zenye ugonjwa kwa pamba yenye spiriti, akakamua maziwa kidogo kwenye vichupa visafi na kuviweka ndani ya boksi la barafu. "Hatutabahatisha tena. Tunaenda kuwauliza bakteria wenyewe wanaogopa dawa gani. Mama Maxwell, majibu yatakuwa tayari asubuhi ya siku ya soko. Naomba ruhusa nimpeleke huyu msichana kwenye maabara ya Homa Bay akayaone."

Mama alimtazama binti yake, ambaye macho yalikuwa yakimng'aa. "Nendeni," alisema. "Lakini Zablon huwahi."

Siku ya soko ilipofika, Roselyn alipanda pikipiki nyuma ya Daktari, akamshika kiuno kwa nguvu. Barabara iliteremka kuelekea ziwani, upepo ukimpiga usoni, na moyo wake ulikwenda kasi kuliko injini.

Maabara ilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya spiriti. Mtaalamu wake, Bwana Javan, alimvalisha koti jeupe lililomfika kwenye vifundo vya miguu, kisha akaweka mbele yake kisahani cha kioo chenye kifuniko.

"Usikifungue," alimwonya. "Tazama tu. Unaona nini?"

Juu ya rojo lililoganda kulikuwa na utando mwembamba, kama ukungu kwenye dirisha. Juu ya utando huo vilipangwa vipande vidogo vya karatasi vya duara.

"Huo utando ndio bakteria wa ng'ombe wenu," alisema Bwana Javan. "Ni mamilioni. Kila karatasi ina dawa yake. Hii hapa ina dawa mliyokuwa mkitumia."

Roselyn alisogeza uso karibu. Utando ulikuwa umeizunguka karatasi hiyo hadi ukingoni kabisa, kama nyasi zilizoota mpaka mlangoni mwa nyumba.

"Hawaiogopi," alisema kwa sauti ya chini.

"Hata kidogo. Sasa tazama hii."

Karatasi ya upande wa pili ilikuwa imezungukwa na duara pana, safi, lisilo na utando wowote. Roselyn alihesabu moyoni, moja, mbili, kuhakikisha kwamba haoti. "Hapa wamekufa wote," alisema, na sauti yake ikapanda yenyewe. "Daktari, hapa wamekufa. Ipo dawa."

"Ipo," Daktari alisema, tayari akivaa helmeti. "Twende."

Walipofika nyumbani walimkuta Zablon zizini, kamba ikiwa tayari kwenye pembe za Nyarsotik. Roselyn aliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama vizuri.

"Mama, tumewaona," alisema akihema. "Dawa yetu hawaijali, wamejaa mpaka kwenye karatasi. Lakini kuna nyingine inawaua, duara lake ni kubwa hivi."

Zablon aliguna. "Mama Maxwell, mimi nina wateja wanaosubiri nyama."

"Ngoja kidogo," alisema Daktari Mong'ina. "Ng'ombe huyu ametiwa dawa tena tangu nilipoondoka?"

Maxwell, aliyekuwa ameegemea ua, alisogea mbele. Alimtazama dada yake, kisha akamtazama Daktari.

"Nilimtia jana tena," alisema. "Sikumwambia mtu. Nilidhani ikifanya kazi, sitaonekana mjinga."

"Asante kwa kusema. Basi dawa bado imo mwilini. Hachinjwi leo wala wiki hii."

Zablon alifikiri kidogo, akaifungua kamba. "Watu wangu wananunua nyama, si dawa," alisema, akaenda zake.

Matibabu mapya yalianza jioni hiyo. Haikuwa rahisi. Maziwa yote ya Nyarsotik yalimwagwa kwenye shimo kwa sababu yalikuwa na dawa, na nyumba nzima ikanywa chai ya rangi. Siku ya pili tu maziwa yalikuwa meupe na uvimbe umepungua. Jirani yao Bathsheba alipoona hivyo, alikuja kuomba tyubu zilizobaki, maana ng'ombe wake pia aliugua. Mama alisita. Roselyn alimtazama kaka yake.

"Hapana, Mama Bathsheba," Maxwell alisema. "Nusu ya dawa ndiyo iliyotufikisha hapa. Hizi ni za Nyarsotik mpaka ya mwisho. Wako tutampima kwanza, mimi mwenyewe nitamwomba Daktari akirudi."

Siku dawa ilipokwisha mwilini, Daktari alirudi na kibao chake. Majirani walikuwa wamejaa uani. Roselyn alikizungusha polepole. Kisahani cha kwanza, maji. Cha pili, maji. Cha tatu, maji. Cha nne kilivuta uzito kidogo, kisha kikatiririka.

"Huo upande mmoja pengine hautatoa maziwa kama zamani," Daktari alisema, "lakini ng'ombe wenu amepona."

Mama alijifuta macho kwa pembe ya leso na kucheka kwa wakati mmoja. Daktari aliwageukia watu.

"Mkisikia bakteria wameshinda dawa, msidhani ni uchawi. Ukitoa dawa nusu, walio dhaifu hufa, na wale wagumu hubaki. Hao wagumu ndio wanaozaana, na kesho wanajaza kiwele chote. Dawa nusu ni shule ya bakteria. Basi tusitumie dawa kwa kukisia, na tukipewa, tuimalize. Hata nyinyi wenyewe mkipewa hospitalini, ni vivyo hivyo. Na daktari akikuuliza, mwambie kweli, hata kama inakuaibisha. Mimi sikumtibu Nyarsotik peke yangu. Aliyeanza kumtibu ni msichana huyu, siku alipofungua mdomo."

Roselyn aliinamisha kichwa kwa haya. Maxwell alimsukuma bega kidogo, kama alivyokuwa akifanya walipokuwa wadogo.

"Haya, mwalimu," alisema. "Ng'ombe wa Mama Bathsheba anasubiri kupimwa. Lete kibao."

Roselyn alikiosha kibao kwenye karai, akakikausha, na wote wawili wakatangulia njiani, Daktari na majirani wakiwafuata.