Kufuli Jipya, Ufunguo Mmoja

Mke wangu alisimama nje ya geti la mlango, akaniona nakohoa ndani ya moshi… akageuka, akaondoka!

Hakupiga kelele. Hakulia. Hata "pole" hakusema.

Mkononi alikuwa ameshika chaja ya baiskeli yangu. Ile chaja niliyoitafuta siku mbili nzima, chini ya kitanda, juu ya kabati, mpaka ndani ya masufuria!

"Mama watoto!" nikaita. "Mama watoto, usiniache!"

Nikauona mgongo wake tu unakata kona ya nyumba.

Mara feni ikaanza kupunguza mwendo… ikasimama. Friji nayo kimya.

Nyie! Mwanamke kanikatia mpaka umeme!

Najua wengine mmeshaanza kuandika "achana naye huyo". Tulieni kwanza. Mimi mwenyewe nilishamuacha mara tatu kichwani kabla moshi haujafika kwenye dari.

Naitwa Upepo. Jina la wateja hilo. Nasambaza nguo za dobi kwa baiskeli ya umeme. Dobi anafua na kupiga pasi, mimi nabeba kapu nyuma, nagonga mlango, nakabidhi nguo bado zina joto. Mteja akipiga simu, kabla hajakata niko mlangoni kwake.

Sifa hizo zikanipanda kichwani. Breki zilipoanza kulia kama paka aliyekanyagwa mkia, nikasema miguu yangu ndiyo breki.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuwa nashuka mteremko na kapu limejaa mashuka. Mbele yangu mama mmoja akavuka na mtoto mgongoni. Nikabana breki.

Breki gani? Hakuna kitu!

Nikaamua kujitupa pembeni. Mama akapona, mtoto akapona, mashuka yakaanza kufuliwa upya. Baiskeli ikagonga ukingo wa barabara kwa ubavu, palepale penye betri.

Nikaipangusa vumbi. Ikawaka. Nikaendelea na safari.

Siku chache baadaye nikaona betri inagoma kuingia kwenye nafasi yake. Mwanzoni ilikuwa inateleza yenyewe. Sasa naisukuma, haiingii. Nikaipiga ngumi, ikaingia. Mfuniko ukakataa kufunga, nikaukaza kwa mpira wa tyubu.

Mke wangu alikuwa amesimama pale anaangalia.

"Baba watoto, hiyo betri imevimba."

"Umeanza lini kujua betri wewe?"

"Si nauliza tu…"

"Spana na wewe wapi na wapi? Baiskeli yangu usiiguse!"

Akanyamaza. Wanaume wenzangu, mwanamke akinyamaza hivyo usidhani umeshinda.

Tangu siku ile nikaanza kuona mambo. Mchana narudi kula, hayupo. Nikiuliza, "Nilitoka kidogo." Siku moja napita karibu na karakana ya fundi baiskeli, nyumba ya tatu kutoka kwetu, nikamuona ameinama na yule fundi juu ya kitu, vichwa vinakaribiana, wanacheka!

Nikapita bila kusalimia.

Jioni yake, yeye yuko bafuni, nikafanya kitu ambacho sijivunii. Nikapekua mkoba wake.

Ndani kulikuwa na koti la kazi. La bluu. Lina grisi mikononi na linanuka karakana.

Koti la mwanaume kwenye mkoba wa mke wangu!

Na simu yake, aliyoiacha mezani inachaji, ikaingia ujumbe. Fundi. Nikausoma ulivyotokea juu: "Mwambie mapema. Akijua mwenyewe itakuwa vibaya."

Kesho yake chaja yangu ikapotea.

"Umeiona chaja yangu?"

"Chaja?" Akawa anakunja nguo, haniangalii. "Si umpumzishe huyo mnyama siku mbili?"

"Nimpumzishe ili nani afaidi?"

"Baba watoto, una maneno!"

Asubuhi yake nikaenda dukani nikanunua kufuli jipya.

Hapa lazima niwaeleze ujanja wangu wa kufuli, maana nilikuwa nautangaza mtaa mzima. Baiskeli yangu ya kwanza iliibwa mchana kweupe nimelala. Ya pili nikaapa haitoki. Nikawa naiingiza ndani, naiegemeza kwenye geti la chuma la mlango, napitisha mnyororo kwenye tairi na kwenye nondo za geti, nafunga kufuli moja. Geti limefungwa, baiskeli imefungwa. Kufuli moja, kazi mbili!

Lile la zamani lilikuwa na funguo mbili, mmoja wa mke wangu. Jipya nalo lilikuja na funguo mbili. Wa pili nikautupa kwenye mtaro kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitaka akija akute amefungiwa nje, aanze kueleza.

Mchana ule nikarudi nimechoka, jua linawaka, betri ya moto hata kuishika taabu. Nikapitia kwa jirani yangu tunayemwita Mzoefu. Hakuna kazi duniani ambayo hajaifanya, ukimuuliza.

"Una chaja ya ziada?"

"Ninayo. Ya pikipiki ya umeme ya shemeji yangu."

"Itafaa?"

"Plagi ikiingia, chaja ni yako," akasema kwa kujiamini.

Ikaingia! Kwa kulazimisha kidogo, ila ikaingia.

Nikafunga geti kwa mnyororo. Mlango wa mbao nikauacha wazi upepo uingie. Koti langu lenye ufunguo nikalitundika kwenye usukani. Nikachomeka chaja palepale mlangoni, nikajilaza kwenye kochi. Pembeni yangu kapu la nguo za wateja, juu kabisa koti jeupe la bwana harusi.

Nikalala usingizi wa pono.

Kilichoniamsha ni sauti kama mtu anakaanga kitu. Halafu harufu kali, tamu tamu, inakwaruza koo. Nikafungua macho.

Moshi mweupe ulikuwa unatoka kwenye betri kwa kasi, kama mvuke wa birika. Kisha… paa! Moto ukaruka!

Nikakimbilia ufunguo. Koti lilikuwa linawaka!

Nikajaribu kunyoosha mkono. Cheche ikanirukia kwenye kiganja, kovu ninalo mpaka leo. Nikarudi nyuma nalia.

Mlango ni mmoja. Na mlangoni ndipo penye moto, mnyororo na kufuli. Madirisha yote yana nondo, niliziweka mwenyewe. Mwizi asingeingia, kweli. Na mimi sikutoka.

Ndipo mke wangu akatokea nje ya geti. Akaniangalia. Akaangalia mnyororo. Akaangalia betri.

Akageuka, akaondoka.

Nilimlaani. Nawaambia ukweli wangu hapa, nilimlaani kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Moshi ukashuka mpaka usawa wa kifua. Nikatambaa kwenda jikoni, ndiko nyuma ya nyumba. Nikakumbuka kapu la nguo, nikanyoosha mkono gizani nikavuta nililopata. Koti la bwana harusi! Bwana harusi anisamehe. Nikaufunga mlango wa jikoni, nikalilowesha kwenye ndoo, nikazibia nalo chini ya mlango.

Nikageuka… mtungi wa gesi huu hapa, unanitazama.

Nikauhakikisha umefungwa, nikausukuma mbali na mlango. Nikazitikisa nondo za dirisha. Hazikusogea hata kidogo. Yule mchomeleaji nilimlipa aziweke imara, akaziweka imara.

"Jamani nisaidieni!"

Upande wa mbele nikasikia watu wanapiga kelele. Sauti ya Mzoefu inaita zimamoto kwenye simu, anaelekeza njia vibaya, anasahihishwa.

Nikakaa chini. Nikawaza wanangu wako shule, wamevaa sare nilizowapigia pasi mwenyewe asubuhi. Wakirudi wataambiwa nini? Nikalia kwa sauti, sina aibu.

Ghafla kioo cha dirisha kikapasuka!

Mikono miwili ikapita kwenye nondo. Ina glavu nene. Mikono ya koti la bluu! Uso umefungwa kitambaa, macho tu ndiyo yanaonekana kwenye miwani ya karakana. Mkononi mkasi mkubwa wa kukatia chuma.

Lile koti! Fundi!

Nyie… yule yule fundi wa mke wangu, ndiye Mungu ameona anafaa kuja kuniokoa!

"Rudi nyuma, funika macho," sauti ikasema ndani ya kitambaa.

Ka! Nondo ya kwanza. Ka! Ya pili. Ya tatu ikabisha, yule mtu akaning'inia kwenye mkasi kwa uzito wote mpaka ikakatika. Wakazipinda. Nasema wakazipinda kwa sababu nyuma yake akatokea mtu mwingine, mzee wa makamo, jasho linamtiririka.

Fundi mwenyewe!

Sasa huyu wa koti ni nani?

Wakanivuta kama gunia. Nikaanguka kwenye majani, nakohoa. Yule wa koti akavua miwani, akashusha kitambaa.

Mke wangu.

"Umeungua wapi?" akauliza. Akaanza kunikagua mikono na uso.

"Uli… uliondoka!"

"Nilifuata mkasi."

"Si ungesema!"

"Ningesimama kukueleza, ungebishana."

Fundi akacheka kidogo, akajizuia. Na kweli ningebishana.

"Na umeme ulikata wa nini?"

"Ulitaka moto uendelee kulishwa?" akasema. "Chaja ilikuwa bado imechomekwa, baba watoto. Nilianza na swichi kubwa ya nje, ndiyo iliyokuwa njiani."

Zimamoto wakafika, wakamwaga maji mengi. Betri ilizimwa, ikawaka tena, ikazimwa tena. Mkuu wao akaniuliza swali moja tu: "Nani alikushauri kuchaji kwa chaja isiyo yake?" Mzoefu akawa ghafla ana kazi kwake.

Tulipokaa kwenye benchi la karakana, kiganja changu kimefungwa bandeji, fundi ndiye aliyeanza.

"Mkeo alinijia akasema betri ya mume wangu imevimba ubavu, nifanyeje? Nikamwambia betri iliyovimba haichajiwi hata dakika moja, wala haipigwi ngumi. Akaniuliza umejuaje kama anaipiga ngumi? Nikamwambia nyote mnazipiga."

"Basi angeniambia!"

"Nilikuambia," mke wangu akasema polepole. "Ukaniuliza nimeanza lini kujua betri."

Nikaanza kuchezea bandeji, yeye akaendelea.

"Ndiyo nikaja kujifunza. Kila mchana. Fundi alinisihi nikuambie mapema kuwa nakuja hapa, mimi nikataka siku nikikuambia tena, niwe najua. Chaja niliificha ili usichaji. Leo tulikuwa tumepata betri nzima, nilikuwa naileta chaja tuje tuijaribu wote watatu."

"Na lile koti kwenye mkoba?"

Akanigeukia. "Ulipekua mkoba wangu?"

Fundi akainuka akaenda kutafuta spana ambayo haikuwa imepotea.

"Koti ni langu," mke wangu akasema. "Amenipa siku aliyosema nimeiva. Kuna uzi mwekundu ndani ya kola, nimeshona nao jina langu. Hukuangalia hata hapo."

Akanyoosha kiganja. "Ufunguo wangu wa kufuli jipya uko wapi?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipotamani ardhi ipasuke.

"Nimeutupa kwenye mtaro."

Hakufoka. Aliuvuta mkono wake, akaufuta kwenye koti, akaenda kuwapokea watoto shuleni.

Miezi minane imepita. Mimi bado ni Upepo, ila upepo wenye breki. Kila asubuhi nabonyeza matairi, najaribu breki kabla ya kupanda, nikiiosha sipigi maji ya presha kwenye mota. Nikirudi na joto naiacha betri ipoe kwanza. Nachaji karakanani, mchana, watu wapo macho, kwa chaja yake yenyewe. Chaja ya jirani siigusi hata plagi ikiingia kama siagi. Na njia ya kutokea nyumbani haiwekwi kitu chochote, hata viatu.

Wasambazaji wote wa mtaa wanapeleka betri zao kwa mke wangu kukaguliwa. Juzi nilijipitisha mbele, nikidhani mume ana upendeleo.

"Panga foleni, baba watoto," akasema bila kuinua kichwa.

Nikapanga, nyuma ya Mzoefu.

Funzo langu? Mtu wa nyumbani akikuambia kitu kimevimba, usimuulize amejulia wapi. Kiangalie. Mimi nilichunguza mkoba, simu na mgongo wa mke wangu, nikaacha kuchunguza betri.

Mama watoto, najua unasoma hapa, maana unasoma komenti zangu zote. Kuna kitu sijawahi kukuambia. Pale ulipogeuka getini, nilikulaani, na ile laana ilikuwa bado mdomoni mwangu wakati unakata nondo ya tatu. Nisamehe.

Kufuli la sasa lina funguo mbili. Wako nimeutundika kwenye msumari wa koti lako la bluu. Uko pale tangu jana, nasubiri uuchukue.