Pumzi Ndani ya Vali

Mimi si mtu wa kuogopa. Mimi ni mtu wa kuona kinyaa, na hata hicho kinyaa hakinipati hovyo. Nimetunza wazee hapa mjini Ballarat mpaka nikastaafu. Nimepangusa matapishi, nimefua mashuka ya kila rangi, nimekaa na watu wakikata roho huku makohozi yanawachemka kooni, kisha nikaenda kula chakula changu cha mchana bila wasiwasi. Kwa hiyo nikikwambia kuna kitu kilinitia kichefuchefu mpaka nikashika ukuta, nisikilize.

Jioni ile tulikuwa tumetoka kununua nyama, mbavu za kondoo. Ilikuwa Julai, baridi ya kupasua midomo, na giza lilikuwa linaanza kuingia. Badala ya kwenda nyumbani, mume wangu Murray akakata kona kuelekea mji mdogo wa Clunes.

"Wapi tena huko?"

"Dakika mbili tu, mpenzi. Kuna bibi anagawa vali za marehemu mumewe."

Dakika mbili! Clunes kwenda na kurudi ni saa nzima. Lakini Murray akisikia neno vali, masikio yake huziba kwa mengine yote.

Vali ni zile taa za glasi zilizokuwa ndani ya redio za babu zetu. Unawasha, unangoja zipate moto, ndipo sauti inatoka. Dunia nzima ilishazitupa. Murray na rafiki zake wawili wanazitafuta kama dhahabu, wanazichomeka moja baada ya nyingine kwenye amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, wanasikiliza santuri ileile mpaka masikio yanaota sugu, halafu wanabishana. Hii tamu. Hii kavu. Hii ina joto. Watu wazima hao, wenye wajukuu.

Nyumba ya yule bibi ilikuwa na madirisha yote wazi. Julai ile! Mapazia yalipepea nje gizani. Yeye mwenyewe alitungoja getini, leso puani, sanduku liko chini miguuni pake. Jina lake Bi Pohl.

"Pesa sitaki," alisema. "Bebeni tu."

"Lakini bibi, hizi zina thamani kubwa," Murray akasema. Ni mtu mnyofu, hilo siwezi kumnyima.

"Hiyo iliyo ndani ya soksi aliipuliza mwenyewe. Mume wangu alikuwa fundi wa glasi tangu kwao Ujerumani. Aliipuliza mapafu yalipokuwa yanamwishia." Sauti yake ilishuka. "Wenzake wakitengeneza vali hunyonya hewa yote, ndani pabaki patupu. Yeye hakunyonya. Alipuliza... akaziba."

Murray akacheka. "Sasa itawakaje, bibi, na hewa ndani?"

Bibi alinigeukia mimi.

"Mumeo anapenda sana kusikiliza?"

"Kupita kiasi," nikasema.

"Pole, mwanangu."

Akafunga geti.

Nyumbani Murray akaipakua juu ya meza ya jikoni, kando ya nyama yangu. Soksi ilikuwa ya kijivu, ya kiume, na haikuwa imefuliwa. Ndani yake mlikuwa na vali nene kama peasi, glasi yake ina mawimbi. Sasa, kila vali nzima ina doa kichwani, kwa ndani, linalong'aa kama kioo. Hewa ikipenya, doa linageuka jeupe, na hapo vali imekufa. Hata mimi najua, na mimi sijui lolote. Doa la hii lilikuwa jeupe kama maziwa yaliyoganda.

"Maiti hii," Murray akasema. "Ngoja niiwashe tu, nicheke."

Akaipeleka kwenye banda letu la nyuma, kwenye amplifaya yake. Nilimfuata kumwambia chakula kinakaribia.

Ikawaka.

Haikuwaka rangi ya chungwa kama zingine. Iliwaka rangi ya ufizi.

Aliweka santuri yake ya kila siku, mwanamke mmoja na piano. Wimbo ule ninaujua hata nikiwa naosha vyombo. Lakini jioni ile, kabla ya neno la kwanza, nilisikia ulimi ukibanduka kwenye kaakaa. Nikasikia mate yakimezwa. Ndipo pumzi ikavutwa, ndefu, yenye majimaji...

"Glenys!" Murray alikuwa analia, machozi kabisa. "Unamsikia? Yumo humu chumbani!"

"Namsikia. Mbavu utakula peke yako leo."

Halafu harufu ikaja. Ilitoka kwenye spika, naapa, pale kitambaa kinapotikisika. Naijua harufu ile. Ni ya mdomo wa mgonjwa asiyeweza tena kuufunga. Nilifunika pua kwa mkono wa sweta, na hapo ndipo nikang'amua jambo ambalo Murray hakulisikia, au hakutaka kulisikia.

Aliyekuwa anaimba ni mwanamke. Aliyekuwa anavuta pumzi ni mwanamume.

Tangu hapo Murray akahamia bandani. Nikimwita kula, anakuja anahema, ananing'inia kwenye mlango kana kwamba amepanda mlima, na kutoka bandani hadi jikoni ni hatua chache tu. Midomo yake ikawa rangi ya maini. Daktari akampima, akasema mapafu yake ni ya kijana.

"Zima hilo dude, Murray."

"Linahitaji kuzoea moto, mpenzi. Vali mpya huwa ngumu mwanzoni."

"Linanuka!"

"Vumbi hilo linaungua."

Vumbi! Mimi nimeshika vidole vya waliokufa, ananiambia vumbi.

Jumapili wakaja wenzake kulinganisha. Barrie ni mfamasia mstaafu, mtu wa kulamba midomo kabla ya kila sentensi. Fergus ni mnene mpole asiyependa kupingwa. Hao watatu hawaaminiani hata chembe. Mtu akiiona vali yake ataisifu tu, kwa hiyo hutundika pazia mbele ya amplifaya, na mtu wa nne hukaa nyuma yake akibadilisha. Huyo wa nne huwa mimi.

"Shemeji husikii tofauti yoyote," Barrie aliniambia, akilamba midomo. "Ndiyo maana tunakuamini."

"Ahsante sana, Barrie. Na wewe masikio yako yameota nywele, ndiyo maana nakuamini."

Fergus akacheka mpaka chai ikamwagika. Ndicho kicheko cha mwisho kilichosikika katika banda lile.

Nilivaa glavu ya jikoni, maana vali huunguza. Dirishani jua lilikuwa linashuka. Nikachomeka ya kwanza, ya Kiingereza. Wakasikiliza, wakanung'unika.

"Kavu kidogo."

"Ina kifua, lakini koo haina."

Nikachomeka ya pili, ya Kiholanzi. Safi mno, wakasema, kama hospitali. Nikazima. Nikaichukua ya tatu kwa ncha za vidole. Hata ndani ya glavu niliihisi ina unyevunyevu, na ilikuwa bado haijawashwa.

Nikaichomeka. Nikangoja.

Rangi ya ufizi ikapanda. Na glasi ikaanza kuingia ukungu... kwa ndani. Ulikuja na kuondoka, ukaja tena, kama dirisha ambalo mtu analihemea usoni. Kisha ute. Ulijikusanya chini ya glasi, mzito, wenye uzi wa manjano, na haukutulia pale chini. Ulipanda. Polepole, ukajivuta ukutani mwa glasi hadi kwenye lile doa jeupe, ukalilamba, ukateremka.

Nyongo ilinifika kooni. Nikashika ukuta.

Mwanamke aliimba. Pumzi ikavutwa. Nikasikia mwangwi wake upande wa pili wa pazia, kwa hiyo nikachungulia.

Wote watatu walikuwa wameegemea viti, macho yamefumba, midomo wazi. Spika ikivuta pumzi, wanavuta. Ikitoa, wanatoa. Kwa pamoja. Udenda ulimtoka Fergus ukaingia kwenye kola. Ulimi wa Barrie ulikuwa nje, unatafuta. Na Murray wangu, mume wangu, alikuwa anatabasamu, na kifuani mwake kulikuwa kunachemka.

Ninaujua mchemko ule. Nimekaa nao vyumba vingi. Ukiuanza hutoki nao.

"Basi!" nilipiga kelele. "Imetosha!"

"Usizime," Barrie akanong'ona bila kufumbua macho. "Shemeji, nakuomba... usizime."

Nikaing'oa.

Kimya.

Fergus akakohoa, akavuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Barrie naye. Murray hakuvuta. Nilingoja avute. Kifua chake kilikuwa kimelala, tabasamu bado liko usoni.

"Murray?"

Nilimchapa kofi. Nikamlaza chini, nikambana pua, nikampulizia mdomoni kama nilivyofundishwa. Pumzi yangu ikaingia, kifua kikainuka, ikatoka. Hakuna iliyobaki. Nikapuliza tena na tena. Mdomo wake haukuwa na ladha ya mdomo wake. Ulikuwa na ladha ya ile soksi.

Na hapo, mkononi mwangu, ndani ya kiganja cha glavu, ile vali niliyokuwa bado nimeishika ilijikunyata.

Sikufikiri. Nilikimbia nyuma ya pazia, nikairudisha, nikawasha. Lakini vali haiwaki papo hapo, nilikwambia. Lazima ipate moto. Nilipiga magoti mbele ya kitu kile nilichokichukia kuliko vyote duniani, nikakibembeleza.

"Waka. Waka, mwanaharamu wewe. Waka!"

Uzi mwembamba mwekundu... Ukafifia. Ukarudi. Rangi ya ufizi ikapanda.

Ukungu ukaja juu ya glasi.

Nyuma yangu, sakafuni, Murray akavuta pumzi. Akakaa, akajifuta mdomo, akaniangalia kwa masikitiko.

"Mbona umezima?" akasema. "Ndiyo kwanza ilikuwa inakolea."

Amplifaya iko chumbani kwetu sasa, tuliihamisha ikiwaka kwa waya mrefu, iko upande wangu wa kitanda, nami nalala kwenye kochi sebuleni. Haizimwi. Nimenunua jenereta, kwa sababu upepo wa Julai hukata umeme. Murray anatembea, anakula, ananiita mpenzi, na kila neno lake linatoka na harufu ile. Ninambusu kwenye paji la uso. Nashindwa kwingine, na sitaki mtu anihukumu.

Nilimpigia simu Bi Pohl. Alipokea akiwa anatafuna.

"Samahani, nakula mkate," alisema kwa furaha. "Siku hizi nina hamu ya kula! Madirisha nimeyafunga yote, nyumba ina joto."

"Mume wako yumo humu ndani," nikasema.

"Hayumo. Aliondoka jioni ile mlipoiwasha. Nilisikia nyumba nzima imetulia." Akameza. "Inabeba mmoja tu, mwanangu. Humbeba anayeipenda kuliko wote, mpaka apatikane anayeipenda zaidi."

"Na akipatikana? Aliyemo akitoka, anarudi mwilini... au anakwenda?"

Aliacha kutafuna.

"Wangu alikuwa kaburini tayari," alisema. "Wako sijui."

Akakata. Sijampata tena.

Lile doa jeupe limeteremka. Mwanzo lilikuwa kichwani tu, sasa linakaribia nusu ya glasi. Murray mwenyewe ameliona, akasema kwa upole kwamba vali zote huchoka, na kwamba hii bado ni tamu. Jana alivuta pumzi, ikachelewa kutoka. Nilisimama na bakuli la supu mkononi, nikahesabu moyoni, nikasahau kuhesabu, ndipo ikatoka.

Barrie hupiga simu kila siku. Fergus alishasema hataki hata kuona picha ya vali, lakini Barrie hupiga asubuhi, hupiga mchana, analia kwenye simu. Hali chakula, halali usingizi. Santuri zake zote zinamchosha. "Hata upande mmoja tu wa santuri, shemeji. Nitakaa kimya." Nami nilimkatalia, kila siku nilimkatalia, kwa sababu ana mke, ninamjua mke wake, huniletea malimau kutoka kwenye mti wao.

Leo jioni amekuja bila kupiga. Nimemwona kupitia kioo cha mlango, amesimama kwenye ubaridi bila koti, amekonda, analamba midomo. Chumbani, pumzi ya Murray imeingia. Nimengoja itoke.

Nimengoja.

Imetoka.

Nilifungua mlango. Jambo la kwanza Barrie alilofanya ni kuvuta hewa ya nyumba yangu puani, hewa ile iliyooza, akafumba macho kama aliyekuta mkate unatoka jikoni. Kinyaa kikanipata. Sikujua kama ni kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

"Shemeji," akanong'ona. "Bado iko?"

"Iko," nikamwambia. "Ingia, Barrie. Kiti nimekusogezea, karibu kabisa na spika."