Wimbi la Chini la Saumu

Saumu hakamatiki. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema akiwa ameketi katika ukumbi wa harusi Mombasa, kapu la mahamri miguuni, vidole vikicheza mapajani. Hina ya mkononi mwake ilikuwa na chembe za umeme: kila ua ni kitufe, na kiganja kizima ni kinanda-pepe, ala isiyo na mbao wala nyuzi.

Ndani ya kapu hamkuwa na andazi hata moja. Mlikuwa na spika.

Jukwaani Mwanakombo aliimba wimbo aliomwibia Saumu, bila haya, hata vituo vya pumzi hakubadilisha. Chini ya sauti yake ulinguruma mtetemeshi-chini, ule mtambo unaofuata kila noti, oktavu moja, yaani ngazi nzima ya noti, chini yake. Ukiupa wimbi la mraba, huvuma kama nyuki ndani ya debe. Wimbi la msumeno hukwaruza. Lakini Mwanakombo alichagua wimbi la mviringo, laini, lisilosikika sana. Hupanda kupitia nyayo mpaka kifuani.

Saumu akapiga wimbi lilelile, kinyume. La Mwanakombo likipanda, lake linashuka. Mawimbi yakafutana. Aliyeutunga wimbo tu ndiye angeweza kuufuata hivyo, kidole kwa kidole. Muziki ukakonda papo hapo.

"We Mwanakombo, umemeza mbu?" mwanamke mmoja akapaza sauti. Ukumbi mzima wa akina mama ukaangua kicheko.

"Na bado," Saumu akanong'ona.

Bi Rukia, jirani yake kitini, hakucheka. "Maskini bi harusi. Wimbi hilo kaliomba yeye."

"Kwa nini?"

"Hujui, mwanangu? Zuhra hasikii tangu utotoni. Nyimbo anazipata kwa nyayo."

Saumu akatazama. Zuhra alikuwa akionyeshwa kwa wageni, peku juu ya mkeka, amesimama katikati kama mtu aliyezimiwa taa. Kidole cha Saumu kilisita. Kisha akamwona Mwanakombo akitokwa jasho, na utamu ukamzidi. Ubeti mmoja tu, akajiambia.

Jambo moja alilisahau, fundi mzima: mawimbi hufutana katikati ya ukumbi. Ukiwa karibu na spika yake, wimbi lake ndilo linalotawala.

Zuhra akapapasa sakafu kwa kidole cha mguu. Akageuka. Akaja hatua kwa hatua, akiufuata mtetemo, somo yake, kungwi aliyemfunda, akihangaika nyuma kushika upindo wa gauni. Akasimama mbele ya Saumu, akaweka wayo juu ya kapu, akafumba macho. Machozi yakamlenga.

"Ni mahamri tu," Saumu akamwambia mtu asiyesikia.

Zuhra akafumbua macho. Akamshika kifundo cha mkono, akauinua juu mbele ya ukumbi mzima. Jukwaani, Mwanakombo akakatiza wimbo, ukabaki mngurumo wa kapu tu.

Vidole vya Saumu vilikuwa bado vinapiga.