Kompyuta Inayojifunza Viazi

Mshona nguo wa jirani anasema kaka yangu amerukwa na akili. Ati alimsikia dirishani akigombana na kiazi. Ati ameacha kazi ya maana, na sasa kutwa anapiga viazi picha kama maharusi.

Kaka hakuacha kazi. Ya viazi ni kweli.

Kaka huandika programu za kompyuta. Huiamuru: likitokea hili, fanya lile. Nayo hufanya. Lakini kazini kwao kulifunguliwa kitengo kipya. Huko kompyuta haipewi amri moja moja. Huonyeshwa mifano mingi, ikajifunza yenyewe. Kazi hiyo huitwa ujifunzaji wa mashine. Kaka alitaka nafasi huko mpaka akakosa hamu ya kula. Mkuu wake akamwambia aifundishe kompyuta kutofautisha kiazi kizima na kilichooza. Ikiweza, nafasi ni yake. Isipoweza, anapewa mwingine.

Basi meza yetu ikajaa viazi. Kaka alipiga picha, mimi nikamtajia: hiki kizima, hiki kimeoza. Wifi, mke wake, alilalamika kuwa hana pa kukatia vitunguu, lakini naye alikuwa akichungulia.

Kompyuta ilianza vizuri. Kisha ikasema kiazi chenye doa bovu ni kizima. Kaka akaandika amri: ukiona doa jeusi, sema kimeoza. Tukafurahi. Tulipoionyesha kiazi kizima chenye udongo, ikasema kimeoza. Akaandika amri nyingine, ya udongo. Sasa vibovu vyenye udongo vikaitwa vizima. Kila tundu aliloziba, jingine likafunguka. Hapo ndipo alipokigombeza kiazi.

 Nikapanda ngazi kumwita dada wa ghorofa ya juu. Yeye hufundisha kompyuta kutambua mifupa iliyovunjika kwenye picha za hospitali.

Alisoma alichoandika kaka, akacheka hadi akashika ukuta.

"Jirani, mazoea yana taabu," alisema. "Bado unaiamuru. Mwanao alimjuaje bibi yake? Ulimwambia, ukiona mikunjo, huyo ni bibi?"

"Hapana. Alimwona tu mara nyingi."

"Haya. Futa amri hizi. Ionyeshe viazi vingi vyenye udongo, vizima na vibovu. Na picha nyingine ziweke kando, isizione kabisa. Hizo ndizo mtihani. Ukiipima kwa picha zile zile ulizoifundishia, unajidanganya mwenyewe."

Kaka alifuta. Nilijua inamuuma, maana aliziandika kwa ustadi. Wifi akaenda sokoni kutafuta viazi vichafu. Muuzaji alimshangaa mteja anayechagua vibovu.

Siku ya kupima tulisimama wote nyuma ya kiti cha kaka. Picha ambazo kompyuta haikuwahi kuziona zikapita. Kizima. Kimeoza. Kimeoza. Ilikosea chache, tena zile ambazo hata mimi ningekosea. Kaka akamnyanyua wifi juu juu, mwiko mkononi.

Mkuu wake naye akaipima, akampa nafasi. Jumatatu anaanza. Jana tukila, alikuwa akitueleza mambo ya huko, hamalizi neno hili kabla ya kurukia lile. Nilimsubiri anyamaze.

"Kaka," nikasema, "mimi niliishia shule ya msingi. Lakini kazi hii nimeipenda. Utanifundisha na mimi?"

Kijiko chake kikabaki hewani. Wifi akaacha kutafuna. Akanitazama mimi, kisha akamtazama mumewe.