Waya wa Kijani

Haya yalimpata rafiki yangu Ndila, wa Mwihoko. Mumewe, Mwau, alikuwa wa kitandani tangu apatwe na kiharusi, hata kugeuka hawezi bila kushikwa. Lakini kila asubuhi ya kliniki Thika, gari lao lilikataa kuwaka: nyaya zimetafunwa tena. Ndila aliweka sumu, akamwaga pilipili, akaazima hata paka wa jirani. Wapi! Na daktari alikuwa ameonya kwamba Mwau akikosa kliniki tena, yeye daktari asilaumiwe.

"Mama, hapa hakuna panya," fundi wa magari, Muigai, alimwambia jioni moja ya kuamkia kliniki. "Hata mavi yake sioni." Akamfungia waya mpya wa kijani, rangi pekee aliyokuwa nayo.

Alfajiri, stima ilikuwa imepotea, nyumba nzima giza. Ndila akazungusha ufunguo. Kimya. Akalia juu ya usukani: "Ngai, Mungu wangu, sasa nitampeleka na nini?"

Akarudi ndani kumpa Mwau uji. Mlangoni akasikia kitu kikitafuna gizani, kru, kru, kru, bila haraka. Akawasha tochi ya simu. Sauti ikakoma. Mwau alikuwa anamtazama, midomo ameifunga.

"Fungua mdomo, Baba Kaveke."

Akaufungua. Meno yalikuwa yamejaa plastiki ya kijani.