Joto Lisilotoka Kwenye Umeme

YAH: HARUFU ISIYO RASMI KUTOKA CHUMBA NAMBA NNE, UPANDE WA UANI.

Ndivyo barua ilivyoanza. Ilitoka kwa Kamati Ndogo ya Usafi na Utulivu wa Wapangaji, yaani jirani yangu wa mlango wa pili na muhuri wake. Nilitakiwa niiondoe harufu hiyo "mapema iwezekanavyo, bila kuathiri shughuli za kawaida." Harufu rasmi inanukaje, barua haikusema. Niliikuta imechomekwa mlangoni nilipotoka kazini, jua likizama, nikaingia nayo ndani nikicheka.

Kicheko kiliishia kizingitini.

Ilikuwa harufu ya kifua. Aliyewahi kuuguza mtu wa kikohozi kisichoisha anaijua: makohozi yaliyolala, jasho, shuka lililovunda. Lakini shuka la mama lilikuwa safi, dada yangu alilibadilisha asubuhi. Harufu ilitoka mezani, ndani ya kopo la biskuti.

Kopo hilo ndilo lililomweka mama hai. Mapafu yake yalichoka zamani. Alikuwa akipumua kwa mashine yenye mpira wa puani. Chaja ya mashine ilipoungua, shemeji yangu, mume wa dada, fundi redio, akatuundia kwa mikono yake pawa saplai, kifaa cha kuilisha mashine umeme, humo koponi. Ikizima muda mrefu, tunamzika mama.

"Limeanza kuchemka tena, baba," mama alisema. "Tangu mchana."

Sauti yake ilikuwa nzuri. Nzuri kuliko jana. Sikulitilia maanani hilo.

Nilifungua kifuniko. Shemeji alikuwa amenifundisha kupima joto kama wanavyopima mafundi: lamba kidole, gusa, lamba tena, endelea na kingine. Transfoma, baridi. Kapasita, baridi. Transista, ile iliyokazwa kwa skrubu kwenye kipande cha alumini chenye mapezi ya kutolea joto...

Chiii!

Nikalamba kidole. Chumvi. Na utelezi, kama mchuzi uliolala.

Pengine mashine inavuta umeme kupita kiasi, nikawaza. "Mama, vumilia kidogo," nikachomoa waya wa mashine. Nikagusa. Bado moto. Nikalamba. Basi hitilafu iko ndani, nikachomoa na plagi ukutani. Bila umeme joto hushuka. Hilo halihitaji kikao cha kamati.

Nikagusa tena.

Lilikuwa limepanda.

Nililamba kidole bila hata kufikiri, maana mkono ukishazoea haukuombi ruhusa. Ladha sasa ilikuwa nzito. Ilinata kwenye ulimi, ikakataa kumezwa, halafu ikajimeza yenyewe.

Ndipo niliposikia ule mkoromo. Kwiii... kwiii... Mkoromo wa mama, wa siku zote, wenye kikwaruzo mwishoni kama kiatu kwenye mchanga. Nikageuka haraka nimrudishie mashine.

Mama alikuwa ameketi wima. Mpira wa puani ameushika mkononi. Mdomo wake umefungwa.

Ananitazama.

Mkoromo ulitoka koponi.

Nililegeza skrubu kwa bisibisi. Kati ya transista na alumini hupakwa uji fulani mweupe, ili joto lipite vizuri. Hapa hapakuwa na weupe wowote. Palikuwa na mafuta ya manjano, mazito, yenye nyuzi. Nilipoinua transista nyuzi zilivutika, zikagoma kukatika. Ndani yake mlikuwa na unywele mmoja wa mvi. Na yale mafuta... yalituna, yakanywea. Yakatuna, yakanywea.

Nikampigia shemeji.

"Shemeji, hapa kwenye transista ulipaka nini?"

"Ah, ule uji uliniishia, bwana. Nikaona kikopo cha mafuta hapo dirishani, nikachovya kidogo."

"Cha mkandaji?"

"Sijui cha nani. Kwani huwa anapima?" Akacheka. Nikakata simu.

Mkandaji ni yule bibi mfupi aliyekuja kila jioni kumkanda mama kifua. Aliingia muda huohuo, bila kubisha. Akavuta hewa puani. Hakumtazama mama. Alilitazama kopo.

"Nani mwingine amepakwa?" alinong'ona.

"Hakuna, bibi. Ni chuma tu."

"Chuma hakina mapafu." Alisogea, akainama. "Ugonjwa hutoka kifuani ukaja mikononi mwangu. Mikono najua ninakoioshea. Humo koponi umekosa pa kwenda, ndiyo maana unachemka."

"Mafuta haya ni ya nini, bibi?"

"Nikikwambia utatapika. Na ukitapika, usidhani kitatoka chakula tu." Akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Umeyagusa?"

"Kwa kidole tu."

"Kidole kikaenda wapi?"

Nikakikunja kidole ndani ya ngumi. Akauachia mkono wangu taratibu, kama mtu anayerudisha kitu dukani, na akajifuta kwenye kanga yake. Hakunitazama tena. Alichukua kikopo chake dirishani, akatoka.

Kopo la biskuti lilikuwa limenyamaza. Niligusa transista kwa mgongo wa mkono. Baridi kama kijiko. Kwenye alumini palibaki doa kavu, jeupe, lisilo na harufu.

Nyuma yangu mama alishuka kitandani, akapita kwa miguu yake kwenda kubandika maji ya chai. "Mwanangu," aliita toka jikoni, "mbona unakohoa?"

Nilikuwa nimetemea kiganjani. Kohozi lilikuwa la manjano, lenye nyuzi.

Dada anasema dawa za hospitali hatimaye zilimshika mama. Shemeji anasema skrubu ilikuwa imelegea. Mkandaji alihama, na hakuna anayejua alikohamia.

Mama amepona. Mashine naivaa mimi.