Sauti ya Khisa Nyuma ya Pazia

Jua lilikuwa linazama nilipotoka nyumbani, hapa Kisaju, kupeleka maziwa ya sadaka kwa Nabii Muturi. Kanisa lake la mabati lilisimama peke yake nyikani, mbali na barabara ya Namanga.

Mume wangu Khisa alifariki mwaka uliopita. Hatukujaliwa watoto. Tangu tumzike, siku nzima ingeweza kupita bila mtu kuniita jina.

Nabii alifundisha kwamba wafu hurudi kusema na wapendwa wao, mradi uache Biblia yako mlangoni. Jumapili alikuwa ameniambia, "Dada Jentrix, njoo jioni. Khisa ako na neno lako."

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikasoma Biblia. Torati inakataza kuwauliza wafu. Yohana naye anaagiza tuzijaribu roho: ile ya Mungu hukiri kwamba Yesu Kristo alikuja katika mwili.

Nilijua. Bado nilienda.

Ndani kulikuwa na kiza. Nabii akaketi kando yangu. Mbele yetu palining'inia pazia jeupe.

"Nyamaza tu," akaninong'oneza. "Atakuja."

Harufu ilitangulia. Udongo mbichi... udongo wa kaburi, na mvua ilikuwa imetukataa miezi mingi.

Kisha nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Kikohozi cha Khisa.

"Jentrix..."

Machozi yakanitoka. Nikautazama mdomo wa Nabii. Ulikuwa umefungwa.

"Jentrix, huku ni baridi. Njoo."

Nikajikuta nimesimama, nimeshika pazia. Ndipo nikakumbuka nilichosoma.

"Khisa," nikasema, "Yesu Kristo alikuja katika mwili. Hebu sema hivyo. Sema tu, nitakuja."

Nikasogeza sikio karibu na pazia.

"Sema, mume wangu. Nakuomba."

Kitu kikaanza kukwaruza mabati... polepole... kutoka chini, kikapanda hadi juu ya vichwa vyetu.

Nabii akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

"Umemuuliza nini? Hakuna mtu amewahi kumuuliza kitu!"

"Ni nani huyo, Nabii?"

"Sijui. Alinijia nikiomba peke yangu. Usiende, dada. Ukimkataa, atabaki na mimi."

Nilijinasua nikakimbia kuelekea barabarani. Nyuma yangu Nabii aliniita. Mara ya kwanza kwa sauti yake.

Mara ya pili kwa sauti ya Khisa.

Asubuhi jirani yangu Katoo alipitisha ng'ombe pale, akakuta mlango wazi na Nabii hayuko. Hajaonekana tena. Watu wanasema alikuwa tapeli, alificha simu nyuma ya pazia.

"Mama, mimi nilifungua hiyo pazia," Katoo aliniambia. "Nyuma ni ukuta tu. Hata kuku hawezi simama hapo."

Nilifanya sawa. Najua. Lakini jioni zangu ni ndefu, na kuna siku najikuta mlangoni, nimenyamaza, nasikiliza.

Sauti ile ikirudi, sijui kama nitauliza kitu.